Mraba Ulioandikwa kwa L

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu, hata mama: lile swali la ubaoni nililitegua mimi.

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na cherehani haikusumbui. Sisi wazima, ila mimi nimevimba kwa hasira.

Wiki yetu ya mwisho shuleni, mwalimu wa hesabu alichora duara ndani ya mraba, na mraba mdogo ndani ya duara. Akauliza, mdogo ni sehemu gani ya mkubwa? Kengele ikalia bado hatujalitegua. Wakati wa mapumziko nikabaki peke yangu, nikauzungusha kichwani ule mdogo hadi pembe zake zikagusa katikati ya pande za mkubwa. Jibu likajileta lenyewe: nusu! Nikaliandika ubaoni kwa sentensi nzima, nikatoroka. Unanijua, kusema mbele za watu nakufa.

Mwalimu aliporudi akampa kiranja mkono wa pongezi. "Nani mwingine kama si wewe? Ila 'mlaba' ndiyo nini, bingwa? Ni mraba!" Kiranja akacheka tu, akajikuna kichwa! Sasa kapewa kufundisha watoto hesabu jioni pale shuleni, kazi niliyoiomba mimi nikaambiwa, "Wewe sauti hutoi, utafundisha kwa ishara?"

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Barua yako imenifanya niunguze gauni la mteja kwa pasi.

Mwizi mkubwa! Ukoo wetu mzima r inatushinda. Babu yako mpaka anaingia kaburini salamu yake ilikuwa "habali". Huo mlaba ni wetu, yeye kautoa wapi?

Lakini na wewe, kimya chako ndicho kinachomlisha. Nenda kakae dawati la mbele darasani kwake, umtazame machoni. Usipokwenda, nakuja mwenyewe na mkasi.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa lile gauni. Mkasi uache huko huko, nimekwenda.

Kiranja alikuwa amechora lile swali letu, mtoto mmoja akauliza, "Kwa nini nusu?" Kiranja akajibu, "Ndivyo ilivyo. Kariri."

Kariri! Nilijikuta nimesimama. Nikachukua karatasi ya mraba, nikakunja pembe zake nne hadi katikati, wakaona zinavyoufunika mraba mdogo wote. Kisha ubaoni nikaandika: "Mlaba mdogo ni nusu ya mlaba mkubwa."

Mwalimu alikuwa mlangoni. Akaanza, "Kumbe kiranja kakufundisha viz..." Macho yakafika ubaoni. Akamwambia kiranja, "Hebu andika mraba." Akaandika kwa r, safi kabisa.

"Na siku ile l ilitoka wapi?"

Kiranja akanikabidhi chaki.

Naanza kufundisha Jumatatu. Radhi hakuna aliyeniomba, na hilo bado linanichoma.

Ila hii iishie kwako, Shangazi, nakusihi, hata mama asisikie: ile l ya kwanza niliteleza. Ya pili niliiandika makusudi.

Mwanao