Baba, Ungewaambia Habari za Beberu

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ndivyo ulivyonilea, lakini leo nina hasira, na wa kumkasirikia ni wewe.

Mbuzi wako wa Mkwaja wameanza kuzaa maajabu. Mtoto wa kwanza alizaliwa hana njia ya haja. Tumbo likamvimba, siku ya tatu akafa. Wa pili kaakaa lilikuwa limepasuka. Mama alimpakata, akimnywesha kwa chupa, maziwa yote yakamtokea puani. Akamfia mapajani.

Baba Mdogo Hamadi, aliyerithi zizi lako, akasema mbele ya watu: "Kaka alikuwa na mkono wa heri. Huyu mwanamke kauroga." Mama yangu, Baba! Aliyekuuguza mpaka pumzi ya mwisho! Watu wakaacha kununua vitumbua vyake. Mmoja akamtemea mate njiani.

Mkono wa heri! Si mimi niliyekuwa nikifuatana nawe Muheza, kila baada ya miaka miwili, kubadilishana beberu na yule mzee wa machungwa? Ukaniambia, "Beberu hapandi bintiye. Ila usiseme, mwanangu, waache watusifu." Wakakusifu, nawe ukacheka. Nduguyo hukumwambia. Mkeo hukumwambia.

Nilikwenda Mkwaja na bwana mifugo. Wanaume walipotoka msikitini nikawaita zizini, nikasema: "Huyu beberu ndiye baba wa hawa waliokufa, na ndiye baba wa mama zao. Damu imejirudia. Uchawi hakuna." Bwana mifugo akasema ni kweli, beberu angebadilishwa zamani.

Baba Mdogo akanitazama. "Na wewe ulijua? Mbona hukusema?"

Nilijua, Baba. Miezi yote ile mama yangu akiitwa mchawi, mimi nilikuwa natunza sifa zako.

Beberu amehasiwa. Radhi Mama hajaombwa hadi leo. Nimemchukua, yuko kwangu Mabawa. Nilipomweleza yote, aliuliza, "Hata mimi alinificha?" Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

Sijakusamehe. Kila Ijumaa nitakuombea, maana u baba yangu. Lakini atakayeniuliza habari za mbuzi wako nitamweleza zote, na jina lako nitalitaja.

Mungu akurehemu, Baba.

Binti yako,
Mwanaidi