Bomba Linagonga Nikija

Nyumba ya milango ya bluu,
Nyuma ya kituo cha zimamoto.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, tena uzipokee umekaa, maana barua hii si fupi. Goti lako linasemaje? Wifi aliniambia umeanza tena kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, ingawa nakujua: utajitia kijana mpaka livimbe upya. Na watoto je, kikohozi kimewaachia? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anasikia anachotaka kusikia, na ameanza tena kugombana na redio.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila niliposema "lakini" ulinifunika na maneno yako. Barua huwezi kuikatiza. Isome hadi mwisho, kisha ukasirike.

Unakumbuka nilipopewa usimamizi wa chumba cha kufulia pale hospitali, wewe ndiye niliyekukimbilia. Umesimamia ghala miaka mingi, nikaona mwalimu ninaye nyumbani. Ukaniambia watu waniogope kwanza, kupendwa kutakuja baadaye. Nikalishika neno hilo kama dawa. Niliingia kazini nimekunja uso, nikatoka nimeukunja. Aliyekaa nilimwinua, aliyecheka nilimuuliza amefurahishwa na nini. Mashuka yakawa meupe, wadi zikaacha kulalamika, meneja akanisifu mbele ya wakuu wa vitengo, na kichwa kikanivimba.

Kitu kimoja tu kilinikera: bomba. Kuna bomba la maji ya moto linalopita ukutani kutoka mlangoni hadi kwenye mashine za mwisho. Kila nilipokaribia liligonga, ko ko ko, kisha kimya. Nikamwita fundi. Akalikaza akaenda zake, nami nikarudi ndani, ko ko ko. Nikamwita tena, nikamfokea kwamba anafanya kazi ya kulipua. Siku hiyo alishinda mle ndani akilichunguza, na mimi nikiingia na kutoka. Jioni alikuja ofisini kwangu akijizuia kucheka. "Mama," akasema, "bomba ni zima kabisa. Linagonga ukija wewe tu."

Masikio yaliniwaka, Kaka. Kumbe wafanyakazi wangu walikuwa wamewekeana ulinzi: anayeniona wa kwanza nikija kwenye korido anachukua kijiko, anagonga bomba, na chumba kizima kinanyooka. Na jina walikuwa wamenipa: King'ora. Najua unacheka. Mimi sikucheka. Siku zilizofuata nilikuwa nanyata ili nimkamate mgongaji, mtu mzima na heshima zangu, nimevua viatu katika korido ya hospitali. Sikumpata.

Kisha likatokea la Mama Pacha. Yeye ni mpiga pasi wetu, ndiye anayeingiza mashuka kwenye rola kubwa ya moto. Shuka lilimvuta mkono, akabonyeza kitufe cha kuzimia mashine, rola ikaendelea kuzunguka. Ilibidi mwenzake akimbilie swichi ya ukutani. Vidole viliungua vibaya. Madaktari wanasema atavitumia tena, lakini pole pole. Nilipouliza, nikakuta kila mtu alijua kwamba kitufe kile kilikuwa kinakwama, na mtu alipaswa kukibonyeza tena na tena. Kila mtu isipokuwa mimi, msimamizi.

Nilimfuata wadini nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Siku hiyo hakuniogopa, labda maumivu yalikuwa yamemaliza woga wote. Alinijibu hivi: "Mwenzetu alikuja kukwambia mlango wa mashine ya kukaushia umelegea. Ukamuuliza mbele yetu sote, 'Umeufanya nini?' Na mimi nije kukwambia ili iweje?"

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, wala sioni haya kulisema. Nilikuwa najivunia nidhamu, kumbe ni watu waliofumbwa midomo. Na kimya chao, nilichokitengeneza mwenyewe, ndicho kilichomuunguza yule mama.

Tangu hapo najifunza kazi upya. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, nauliza ni kitu gani kinatusumbua, kisha nafunga mdomo. Unanijua, mimi kufunga mdomo si kazi ndogo, najikaza kisabuni. Mwanzoni waliangalia sakafu tu. Baadaye mmoja akasema mlango wa mashine ya kukaushia bado umelegea. Nikamshukuru, fundi akaja, na aliyesema hakuliwa na mtu. Sasa wananiambia hata nisiyopenda kusikia. Mfungasha mashuka, mwanamke mwenye ulimi usio na breki, aliniambia kwamba huwa natoa amri mashine zikiwa zinanguruma, halafu nawaka kwa sababu hawakusikia. Nilitaka kubisha. Nikatoka uani nikazunguka kidogo, nikarudi kumwambia ni kweli.

Usidhani nimelegea. Anayechelewa bado ananijua, na shuka lenye doa bado linarudi majini. Tofauti ni kwamba sasa nikiuliza swali, najibiwa.

Haya, tufike kwenye ugomvi wetu. Meneja anataka Jumatano, kwenye kikao cha kuchunguza ajali, niseme kwamba Mama Pacha aliungua kwa uzembe wake. Nikisema hivyo, yeye anafukuzwa na mimi nabaki kwenye kiti changu. Nisiposema, nimeshadokezwa kwamba kiti hicho kina wengi wanaokitamani. Na wewe, Kaka yangu wa tumbo moja, ukaniambia niseme tu yaishe, nisije nikamwaga unga wangu kwa ajili ya mtu baki.

Sisemi ng'o. Nimemkatalia meneja na ninakukatalia wewe. Jumatano nitasimama niseme kwamba kitufe kilikuwa kibovu, watu walijua, na aliyewafundisha kunyamaza ni mimi. Wakitaka mtu wa kumtoa, wanitoe mimi. Na wakinitoa nitaomba nafasi ya kupiga pasi palepale, kisha kila asubuhi nimweleze msimamizi mpya ni kitu gani kinatusumbua. Tuone nani atachoka kwanza.

Usiniambie nina kimbelembele, wala usiniambie huruma imenipofusha. Mtu baki, ulisema. Mwanamke huyo anafanya kazi mbele ya macho yangu, na aliona afadhali kuuweka mkono karibu na moto kuliko kuja kuzungumza na mimi. Hilo silali nalo tena, hata kwa cheo gani.

Acha nikupe la Ijumaa, halafu nikuache upumzike. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimekaa nao kwenye benchi, kikombe cha chai mkononi, mfungasha akiniigiza ninavyofoka. Kaniigiza vibaya sana, yaani sawasawa kabisa, sina mbavu. Ghafla bomba likagonga. Ko ko ko. Nikageuka kutazama mlangoni, nikashangaa linamtangaza nani, ilhali King'ora mwenyewe yuko ndani. Mwenye kijiko alikuwa ananitazama mimi. "Meneja anakuja, mama," alininong'oneza. "Ficha kikombe."

Mimi ndiye niliyekuwa nagongewa, Kaka! Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho. Na kikombe sikukificha. Meneja aliingia akanikuta katikati yao, nikamkaribisha chai, na kwenye benchi lile hakuinuka hata mmoja.

Msalimie sana Wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nitakivaa Jumatano. Binti yako mkubwa, ambaye nasikia amefanywa kiranja, mwambie shangazi yake anamwomba asikilize kwanza kabla hajapuliza filimbi. Mdogo wake mbusu mashavu yote. Mama anawasalimu nyote. Nimemsomea barua hii, nikamuuliza kama nipunguze makali. Amesema nisifute hata neno, na nikuandikie kwa herufi kubwa ili usisingizie macho.

Mungu akulinde wewe na goti lako, na nyumba yako isikose vicheko. Jumatano jioni nipigie simu, niwe na kiti au sina. Ila safari hii uniulize, kisha unyamaze.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,

King'ora