Sitasema Ulikuwa Mwendawazimu

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima wa afya.

Usinitafute idara ya maji. Uhandisi niliuacha mwezi uliopita. Sasa niko na watu wanaonisikiliza. Unajua nilivyokuwa tangu rafiki yangu Mrefu apigwe risasi kwenye maandamano akafia mikononi mwangu. Ninyi mlizika, mkanawa mikono, mkarudi kazini. Kaka Mkubwa, kiongozi wetu, ndiye pekee aliyeniuliza nalala vipi.

Nina ombi moja. Jumatano ijayo usiende kazini zahanati, wala usikanyage soko lililo mbele yake. Sema goti limekushika. Dada naye abaki nyumbani. Usiniulize kwa nini.

Mwanao

19 Juni

Mama,

Shikamoo, ingawa inanitoka kwa shida. Hapa mahabusu afya ni ya kuokoteza.

Miezi mitatu nimenyamaza kwa hasira. Nilikuomba ubaki nyumbani. Nafika getini pa soko na begi langu, nakukuta umekaa kwenye benchi na dada, mchana kweupe, kama mnaosubiri mgeni. Ukasimama, ukapaza sauti: "Kibonge! Njoo hapa!" Jina la utotoni, mbele ya soko zima! Nikageuka kukutazama, askari wakanidaka kama kuku.

Usidhani nimebadilika. Sijutii. Ila wakili ameona njia: ukiapa mahakamani kwamba nilirukwa na akili, kwamba baba alikuwa akinipiga na tulilala njaa, adhabu itapungua. Wewe ndiye uliyeniingiza humu. Nitoe.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linauma, dada yako hajambo, na usingizi naupata vizuri kuliko unavyopenda.

Sitasema ulikuwa mwendawazimu. Mwendawazimu haandiki barua ya kumwokoa mama yake akawaacha mama za wenzake. Baba yako, Mungu amrehemu, hakukugusa hata kwa ufagio. Na njaa? Kibonge uliitwa bure?

Barua yako ya kwanza niliipeleka polisi siku ileile niliyoipata. Afisa akaisoma huku anapiga miayo: "Mama, vijana wa siku hizi wana mizaha." Nikamjibu, "Basi Jumatano nitakaa getini mwenyewe, na nikifa, ripoti utaiandika wewe." Ndipo akatoa askari wawili. Dada yako nilimkataza kuja. Akasema, "Na goti hilo, nani atakusaidia kukimbia?"

Sasa sikia nitakachosema mahakamani. Mrefu aliuawa na hakuna aliyeshtakiwa. Ulikaa siku tisa hujatia kitu kinywani, na mimi, mkunga, ninayewaambia wanawake kila siku walie tu wasione haya, nikakwambia jikaze, mwanamume halii. Kosa hilo ni langu na nitalitamka kwa sauti. Hapo ndipo huyo Kaka Mkubwa alipokupata. Mimi nilizaa wawili tu. Yeye nilimzaa lini? Alikuuliza unalala vipi, kisha akakupa begi la bomu. La kwake liko wapi?

Lakini jeneza la Mrefu mlilibeba vijana wanane. Saba wako makwao. Na mama yake, tangu mwanawe aliyekuwa akimlisha afe, anauza nyanya. Jumatano ile alikuwa amepanga mafungu yake hatua kumi kutoka getini.

Tulikosea wengi. Kuingia, uliingia kwa miguu yako.

Mama yako

28 Agosti

Mama,

Shikamoo. Goti? Mimi mzima.

Barua yako niliichana. Kisha nikapiga magoti nikaokota vipande.

Sikujua habari ya mama Mrefu. Kaka Mkubwa alituambia pale wananunua wake za wakubwa tu. Sikuwahi kwenda kuangalia. Mhandisi mzima, nikakubali kitu bila kukipima.

Jana wakili alileta karatasi za wazimu. Nimekataa kutia sahihi. Nimewaambia wapelelezi Kaka Mkubwa anakaa wapi. Walimkuta anafunga masanduku, yeye na mkewe na watoto, tayari kwa safari.

Mwenzangu wa kitanda cha juu ananiita msaliti. Nimemwambia apaze sauti, wa selo ya mwisho hawajasikia.

Mwanao

14 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Nimeanza kutembea na fimbo, na dada yako ananicheka.

Hakimu alipotamka miaka kumi na minane, dada yako alinishika mkono. Nikamwambia aniachie, sianguki. Nilikuona umesimama wima ukisema, "Nilikuwa na akili zangu timamu." Chumba kizima kilizomea. Mimi sikuinamisha kichwa.

Nje nilikutana na mama Mrefu. Nilidhani atanitemea mate. Alisema, "Mwambie simsamehe." Nikamwahidi nitafikisha, na nimefikisha. Usimwandikie kumbembeleza, ana haki yake.

Majirani wengine hawaji tena kujifungulia kwangu. Watakuja. Uchungu ukianza, mtu haulizi mkunga alizaa nani.

Askari wa gereza ameniambia kwa huruma kwamba wazazi wengi huchoka, baada ya mwaka hawaonekani. Nina miaka sitini na mbili. Piga hesabu, mhandisi, uone siku ukitoka nitakuwa na mingapi.

Nakusudia kuwepo.

Mama yako