Kopo la Biskuti la Baba

Jumatatu, 4 Mei

Nimeosha bureti ishirini na nne, ile mirija ya kioo ya kudondoshea kemikali. Moja imepasuka mdomo. Ni mimi, hakuna wa kumsingizia. Miaka thelathini na moja kwenye maabara hii na bado mikono inateleza kila Jumatatu!

Saa nne amekuja msichana mlangoni. Yule mgeni wa kidato cha pili, asiyeona. Wenzake wamembatiza Maswali, wala hawakukosea. Kasimama na fimbo yake, kanusa. Amonia, akasema. Spiriti. Na kuna mtu anakunywa chai humu, wakati ni marufuku. Nikaficha kikombe nyuma ya mgongo. Namficha kikombe asiyeona! Nimecheka mwenyewe hadi nikamwaga nusu.

Anataka kuingia Klabu ya Sayansi. Nikamwambia aende kwa mwalimu wa kemia, klabu ni yake. Kumbe ameshaenda. Mwalimu kamwambia atakuwa katibu: wenzake wafanye majaribio, yeye aandike kwa mashine yake ya nukta nundu.

“Sitaki kuandika walichofanya wenzangu, Mama. Nataka kufanya.”

Nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia chai.

Jumanne, 5 Mei

Sikutulia jana. Enzi zetu klabu ilikuwa ya wavulana. Sisi wasichana watatu tuliokuwa hatubanduki mlangoni tulipewa vyombo tuoshe. Wao wanapima, sisi tunasugua. Niliosha vizuri mno, hadi wakaniajiri! Ndiyo historia yangu yote ya sayansi. Lakini nilikuwa najua majibu. Nikiwa kwenye sinki, mgongo nimewapa, nilikuwa najua nani amezidisha tone na nani amewahi kufunga bomba. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Leo nimemfuata mwalimu. Si mtu mbaya, niandike hivyo. Mwaka juzi mtoto aliungua mkono humu ndani, na ni yeye aliyembeba hadi zahanati huku analia kuliko mtoto. Tangu siku ile anaogopa. “Mama Maabara, asidi haimjui mtu,” kasema. Halafu akaja na sharti lake. Kila anayeingia klabuni afanye jaribio peke yake: adondoshe asidi kwenye maji yenye rangi ya waridi mpaka rangi ipotee, afunge bomba la bureti palepale kwenye tone lililoipoteza. Mara tatu, na hesabu ya mara zote ikaribiane. Hakuna kusaidiwa.

“Rangi, Mama. Rangi ataionaje?”

Nikarudi kuosha vyombo vyangu. Fununu ya jibu ilinijia nikiwa nyumbani navua viatu: kopo la Baba. Kawaida yangu.

Jumatano, 6 Mei

Nimetoka kazini moja kwa moja kwa Mama mzazi. Nimelikuta kopo mahali palepale, juu ya kabati, lile la biskuti lenye mfuniko uliobonyea. Mama kasema alilitaka hilo kopo awekee nyuzi zake, Baba akamnunia wiki nzima, basi akaliacha. Baba ana miaka kumi na tisa kaburini na Mama bado anaogopa kununiwa.

Nimelifungua. Harufu ya risasi ya kuchomelea! Nimekuwa na miaka kumi na mbili papo hapo.

Baba alikuwa fundi redio. Macho yalianza kufifia nikiwa na miaka tisa, na nilipofika kumi na mbili hakuona hata taa. Watu walisema sasa atafunga kibanda. Hakufunga. Alinikalisha kwenye kigoda pembeni ya meza, ananipa rezista moja moja, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme, namsomea mistari yake ya rangi: kahawia, nyeusi, nyekundu. “Elfu moja,” anasema, na mkono unakwenda wenyewe pa kuiweka. Redio ikikohoa mimi nakimbilia kueleza ninachoona. Ananiziba mdomo kwa kiganja chake kinachonuka risasi. “Usiniambie. Ngoja iniambie yenyewe.” Anainamisha kichwa. Anagusa. Redio inaimba!

Nimeinamia kopo, nikanusa hadi nikakohoa. Mama akadhani ni vumbi la kopo, akaniletea maji.

Ndani nimekuta spika ndogo, transista tatu, na kijicho cha umeme. Ni cha aina inayowasha taa za nje giza likiingia. Kinajua mwanga na giza, basi. Na maji ya waridi yakipoteza rangi, mwanga unapita zaidi...

Baba, nimelipata jibu.

Alhamisi, 7 Mei

Dude langu limeimba! Asubuhi, kabla ya kengele. Flaski mbele ya dirisha, kijicho nyuma yake, spika pembeni. Maji yakiwa waridi linanguruma chini chini. Rangi ikipotea linapanda juu, nyembamba, kama mbu sikioni.

Mapumziko nimemwita Maswali. Kagusa kila kitu, waya kwa waya. Kauliza maswali arobaini, sitanii. Nani kalitengeneza, mbona linanguruma, baba yako alijuaje rezista imeungua. (Kwa harufu.) Tumevaa miwani na glavu, bureti imefungwa imara kwenye stendi. Kiwango cha bureti hawezi kukisoma, kwa hiyo anahesabu matone. Ana masikio! Analisikia tone likigusa maji, mimi ninayeliona nalikosa. Mara ya kwanza tisini na tano. Mara ya pili tisini na sita. Mara ya tatu tisini na sita.

Nikaangalia flaski. Safi kabisa. Wavulana wa mwaka wangu hawakuwahi kufika hapo, na mimi ndiye niliyewaoshea.

Ijumaa, 8 Mei

Sitaki kuandika.

Jumamosi, 9 Mei

Haya. Niandike.

Jana saa tisa, klabu nzima imejaa, mwalimu mbele. Nikaweka kila kitu meza ya dirishani kama asubuhi ile. Maswali kaanza. Kumi, ishirini, thelathini. Dude linanguruma chini chini. Nje kulikuwa na mawingu. Nilijivuna, Mungu anisamehe, nikamtazama mwalimu kwa jicho la “sasa je?”

Tone la arobaini na moja, wingu likahama. Jua likapiga dirishani, kijicho kikapata mwanga, spika ikapanda juu kama mbu. Maswali akafunga bomba. Akatabasamu! Akageuka upande wetu, akatabasamu.

Maji bado waridi. Waridi ya kukoza.

Walicheka. Si wote. Mwalimu hakucheka, ila alisema kwa upole kwamba ndiyo alichokuwa anakiogopa, na kwamba ukatibu nao ni kazi ya heshima. Maswali aliuliza swali moja tu: “Nimekosea wapi?”

Na mimi nilijua! Palepale nilijua. Mtu gani mwenye akili anapima mwanga kwa kutegemea dirisha? Nilijaribu asubuhi, jua la upande wa pili, nikaona limetulia, nikaridhika. Kosa ni langu, mia kwa mia. Nilipaswa kusema. Nikachukua flaski nikaenda kuosha.

Miaka thelathini na moja na bado nakimbilia sinki.

Jumapili, 10 Mei

Niko kwa Mama, nimetoboa kopo la Baba. Matundu mawili. Nilisita sana na msumari mkononi, nikamwomba ruhusa kwa sauti. Mama kasikia, kaniuliza nasema na nani.

Flaski inakaa ndani. Upande mmoja balbu ndogo ya kijani, mwanga ambao waridi huuzuia, upande wa pili kijicho. Juu nimekata duara la shingo ya flaski, nikalizungushia kitambaa cheusi. Jua sasa lifanye litakalo.

Jumatatu, 11 Mei

Nimesema. Mbele ya walimu wote, kwenye chai. Nimesimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nimesema Ijumaa msichana hakukosea, alifunga pale chombo kilipomwambia afunge. Chombo kilikosea, na chombo ni changu.

Mwalimu akaweka kikombe chini. Kwa nini hukusema siku ile, Mama Maabara? Nikamwambia ukweli: nimezoea kunyamaza humu ndani. Wasichana wananyamaza, wanapewa vyombo, wanazeeka. Huyu nisingependa azeeke na mashine ya kuandika mambo ya wenzake.

Akakishika tena kikombe. Kisha: Ijumaa, nafasi moja ya mwisho. Majina ya watakaokwenda maonyesho ya sayansi yanatumwa jioni hiyo, na asiye mwanaklabu hayumo. Na wewe utakaa nje, Mama, usije ukamkonyeza. “Hata ningemkonyeza, angeonaje, Mwalimu?” Walimu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, kwa shida.

Jumatano, 13 Mei

Nimemwomba Maswali msamaha. Kasema aliifikiria Ijumaa ile usiku na mchana, akakumbuka kwamba pale sauti ilipopanda, mkono wake ulisikia joto. Jua! Alishajua kabla sijamwambia. “Mbona hukuja kusema?” nikamuuliza. Kanyamaza, na yeye! Kisha kasema alidhani wataona anajitetea.

Nimemshika mkono. Nimemwambia hilo la kunyamaza tuliache wote wawili, leo leo. Akauliza: tuanze saa ngapi?

Ijumaa, 15 Mei

Naandikia kwenye benchi la korido, daftari gotini. Mlango umefungwa. Nimetolewa kama mwanafunzi mtoro.

Raundi ya kwanza imekwisha. Tisini na sita. Nimesikia viti vikisogea, nadhani walikwenda kutazama flaski. Hakuna aliyecheka.

Raundi ya pili. Tisini na saba! Mtoto mmoja kapiga makofi, kanyamazishwa.

Sasa ya tatu. Mawingu yamejaa leo pia, yanaenda na kurudi. Kopo linanguruma. Sauti ya spika ya Baba, ile ile, iliyokuwa inatusomea habari wakati Mama anakunja nguo. Naisikia kupitia mbao za mlango.

Maswali anahesabu polepole. Sitini. Sitini na moja. Wenzake wameanza kuhesabu naye, sauti za chini, kama wanaimba. Sabini. Na mimi nahesabu, midomo inacheza yenyewe. Themanini na tano.

Jua limetoka. Limeingia korido nzima, hadi kwenye daftari hili.

Sauti haikutikisika. Inanguruma vilevile!

Tisini. Wameongeza sauti, wanashangilia sasa, watamharibia! Nimesimama, mkono kwenye kitasa. Halafu mwalimu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

“Nyamazeni! Mwenzenu anasikiliza.”

Kimya. Jengo zima. Sasa nalisikia hata tone.

Tisini na tatu.

Tisini na nne. Baba, inamisha kichwa.

Tisini na tano.

Sauti inapanda, nyembamba, kama mbu —