Vidole vya Baba Kwenye Jaruba la Shule

Baba yangu, shikamoo.

Najua marahaba ya kutoka kaburini siipati, lakini wewe ndiye uliyenigombeza siku ile nilipompita bibi mmoja njiani bila kumwamkia, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuamkia hata milango. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, ila mdomo uko palepale. Mimi mzima, nafundisha darasa la tano hapahapa Tindiga, kwenye shule yako. Nakuandikia kwa sababu nina habari ambayo sikutaka uipate wa mwisho.

Unaikumbuka ile fimbo yako? Mti mnyoofu, umeuchonga alama ishirini, kutoka alama hadi alama upana wa kidole chako. Kila asubuhi ulitupeleka darasa la saba kwenye jaruba la shule, unaichomeka majini kati ya mpunga, unauliza, "Leo vidole vingapi?" Tunaandika. Ijumaa tunajumlisha, tunagawanya, tunachora grafu ubaoni. Wewe mtu wa milimani, uliyeshuka kutoka kwenye mahindi na maharage ya kwenu Ukaguru, hukuona aibu kusema kwamba kulima mpunga ulifundishwa na wenyeji wa hapa bondeni. Wakakutania, "Mwalimu wa mahindi kaja kuhesabu maji!" Ukacheka nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa binti wa mwalimu mwenye matope hadi magotini, na nilikuwa najua wenzangu wa Kilosa mjini muda huo wako darasani wanakariri majibu ya mtihani.

Ndipo ukaja ule mkutano wa wazazi. Walilalamika kwamba mtihani hauulizi habari za jaruba, na kweli ulikuwa hauulizi. Mgeni kutoka wilayani akataka kumsikia mwanafunzi mwenyewe. Akanichagua mimi, labda kwa kuwa nilikaa mbele. "Mnajifunza nini huko shambani?" Nikasimama, nikajibu kwa sauti kavu mbele yako na mbele ya watu wote, "Hakuna. Tunalima tu."

Ee Mungu wangu! Mpaka leo nikikumbuka, uso unanichoma. Jaruba likachukuliwa wiki ileile, wakapewa watu walime. Njiani kurudi nyumbani nilingoja unifokee. Ulitembea tu, fimbo begani, ukasema, "Umejibu ulivyoona." Basi. Tulipofika ukampa Mama ile fimbo, naye akaifanya komeo la mlango wa jiko. Ungenichapa nayo ingekuwa nafuu.

Sasa sikia. Mtaala umebadilishwa, Baba. Walimu tuliitwa semina Mikumi, na mwezeshaji, kijana mdogo mwenye kishikwambi mkononi, akawa anatueleza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda: ashike, apime, akosee, arekebishe, hesabu itoke kwenye maisha ya kwao. Weee! Nilicheka peke yangu hadi mwenzangu akanigusa na kiwiko. Halafu nikaona machozi yananitoka. Nilimwambia ni vumbi la barabarani, naye akanipa leso bila kuuliza.

Nilirudi na moto. Nikamwomba mwalimu mkuu jaruba letu la zamani, naye akalipeleka suala kwenye kamati ya shule. Kamati ikasema sawa, mpeni msimu mmoja. Kwenye mkutano wa wazazi mthibiti ubora wa shule atakuwepo. Kama hatutaona faida, jaruba linarudi kwa wakulima na watoto wanarudi darasani. Hayo ndiyo yalikuwa masharti.

Na mwanao, kwa kiherehere chake, akaharibu mapema kabisa. Azimio langu la kazi lilisema kupandikiza miche ni wiki ya sita. Wiki ya sita ikafika, nikapandikiza. Mvua ilikuwa inanyesha milimani kwenu siku ya tatu mfululizo, kila mkulima wa Tindiga amekaa kwake anangoja maji yashuke yapite, mimi niko jarubani nawanyooshea watoto kamba ya kupandia mistari! Keshokutwa yake maji yakaja. Miche yote ikalala chini, ikaoza.

Bi Zaituni akapita kwenye kingo, akasimama, mkono kiunoni. Unamjua, yule mama aliyekuwa akikutania kuliko wote. Mjukuu wake Rehema namfundisha mimi. "Mwalimu," akasema, "huo mpunga wako unafuata ratiba ya shule gani?" "Rehema simleti shule akalime. Kulima ntamfundisha mwenyewe, tena nakuzidi." Kwa kweli alikuwa na haki yake.

Nikaenda kwa Mama moja kwa moja. Nikamwambia, "Mama, naomba komeo."

"Mlango nifungie nini?"

"Ntakuletea kufuli."

Akalichomoa, akalipangusa masizi kwa kanga yake, akanikabidhi. "Miaka yote hii nakungoja uje uiombe," akasema. "Sikutaka kukusukuma."

Tukasia mbegu upya, kitalu tukakiweka pale palipoinuka nyuma ya madarasa. Wakati miche inakua, kila asubuhi watoto wakachomeka fimbo jarubani. Niliwaambia kila alama ni upana wa kidole cha baba yangu, basi kwanza ilibidi tujue ni kiasi gani. Rehema akaweka rula. "Mwalimu, kidole kimoja ni sentimita mbili kasoro kidogo. Huyu babu alikuwa na vidole vinene!" Nikatoka nje, nikajifanya nafuata chaki ofisini.

Vidole tisa, vinane, mvua ikapiga tena, kumi. Vilipofika vitano wenzake wakataka kupandikiza, Rehema akakataa, akawaonyesha grafu. "Bado inapanda na kushuka, tungoje itulie." Nilishaozesha miche ya watu kwa kujua kwangu, nikaona zamu hii nifundishwe. Wiki ya tatu maji yakakaa vidole viwili, siku tatu mfululizo. Tukapandikiza. Na Bi Zaituni siku hizo akawa anapita asubuhi kingoni, eti njia ya shambani kwake, anamwita mjukuu wake kwa utani, "Haya, karani wa maji, leo vingapi?" Anajidai hajali, lakini siku tuliyopandikiza sisi, naye alipandikiza.

Mkutano ukafika. Mthibiti ubora, mama mtu mzima mwenye miwani, akafungua daftari lake, akamwita Rehema asimame.

"Mnajifunza nini huko shambani?"

Maneno yaleyale, Baba. Nilishika meza. Sikuwa nimemwandaa, maana jibu la kufundishwa lisingekuwa lake. Huyu naye ni mtoto, ana matope yake na hasira zake, na bibi yake amekaa pale mbele.

"Siku ya kwanza maji yalikuwa vidole tisa," Rehema akaanza, kama anasoma, wala hakuwa na karatasi. "Wastani wa wiki ile ulikuwa nane na nusu. Wiki ya tatu yakatulia kwenye viwili, ndiyo tukapandikiza. Mwanzo mwalimu alipandikiza kwa ratiba, ikaoza. Hilo nalo tumeliandika."

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka kuwashinda wote.

"Vidole vya nani?" mgeni akauliza.

"Vya baba yake mwalimu. Alikuwa mwalimu hapahapa."

"Vizuri, binti. Inatosha, kaa."

"Bado grafu," akasema Rehema, na hakukaa.

Bi Zaituni akainuka kabla mwenyekiti hajamruhusu. "Jaruba liachwe," akasema. "Mwalimu wa mahindi tulimwonea." Hakuna aliyepinga. Jaruba ni letu, Baba, imeandikwa kwenye muhtasari.

Sikudanganyi kwamba mambo yote yamenyooka. Vitabu havitoshi, darasa limejaa, na wapo wenzangu wanaosema mtaala huu ni mzigo. Siku nyingine nami nasema hivyohivyo. Lakini najivuna. Najivunia watoto wangu, na zaidi ya hapo nakujivunia wewe, kwa sauti, mbele ya watu, mahali palepale nilipokukana. Siku ile nilijibu uongo. Tulikuwa tunajifunza, nami nilikuwa naona aibu ya matope. Nisamehe.

Nimekumbuka Mama kanituma nikwambie kwamba kufuli nililomletea ni bovu, komeo lilikuwa bora.

Uliza tena, Baba, kama ulivyokuwa ukiuliza. Leo asubuhi vilikuwa vidole vitatu, na mpunga umesimama.

Ni mimi binti yako,
mwalimu wa darasa la tano, Tindiga.