Pikipiki Iliyopakiwa na Hooyo

Ijumaa, Garissa. Alasiri imepita, Magharibi bado.

Leo jua limechoma mpaka mbuzi wa jirani wameacha kugombana. Sasa kuna kaupepo kutoka upande wa mto, kana vumbi lakini sikakatai. Nimeketi kwenye ngazi ya mlango, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja kama kawaida yangu. Vidole vinanuka nyama mbichi hata baada ya kunawa kwa sabuni mara mbili. Nitaeleza kwa nini.

Moyo ni mwepesi. Juzi haukuwa hivi.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza, mimi ni mtu wa stoo. Miaka ishirini na mbili natunza stoo ya ofisi moja hapa mjini: karatasi, matairi, viti vilivyovunjika mguu. Shule niliishia darasa la nane, na Kiswahili changu ni cha darasani na cha kaunta, kwa hivyo mkiona kosa mnisamehe. Nyumbani tunaongea Kisomali. Mama yangu, tunayemwita Hooyo, Kiswahili chake ni "karibu" na "bei gani", basi maneno yake yote hapa nimeyageuza mimi.

Nina likizo ya wiki tatu na nina pikipiki. Si ya bodaboda. Ni ile ndefu ya safari, yenye tanki kubwa, niliyoichukua kwa mhandisi aliyemaliza kazi yake huku akarudi kwao. Nataka kuiendesha mpaka Rhamu, kwa mdogo wake Hooyo, habaryar wangu Dahabo. Walizaliwa tisa, wamebaki hao wawili. Hawajaonana miaka kumi na moja. Nyonga ya Hooyo haiwezi tena basi la siku mbili, na habaryar macho yamefifia, haondoki kwenye shamba lake kando ya mto Daua. Wanasikizana kwa simu, mtandao ukikubali.

Najua basi lipo. Mimi nyonga yangu ni nzima, ningeweza kulipanda. Hapa nakiri: nusu ya safari hii ni ya habaryar, nusu ni yangu. Miaka ishirini na mbili nimeandika kila kitu kinachotoka kwenye mlango wa stoo, na mimi nimebaki ndani.

Hooyo alipika nyirinyiri ya kumpelekea dada yake. Nyama ya ngamia, kukata vipande virefu, kuanika, kukatakata tena vidogo vidogo, kukaanga kwa samli na iliki. Siku nne na nyonga ile. Akaijaza kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nami nikaupanga mzigo wangu kama mtu wa stoo.

Stooni vitu vya maji vinakaa upande mmoja, mbali na karatasi. Basi sanduku la kushoto nikatia jerikeni ya maji ya lita ishirini, mafuta ya injini na jiko dogo la gesi. Kulia nikatia vitu vikavu: nguo, mswala, dawa, Msahafu. Nyuma juu ya keria nikapanga kwenda juu, rafu kwa rafu: spana, tyubu, pampu, hema, kiti cha kukunja. Na kwa sababu kitu cha heshima hukaa rafu ya juu, mkebe wa Hooyo ukakaa juu kabisa, nikaufunga kwa kamba za mpira.

Musyoka, fundi wa kuchomelea aliyenitengenezea keria, aliizunguka mara mbili akishika kidevu. Akaniuliza, "Mzee Abdi, hii ni pikipiki ama ni lori ya miraa?"

Nikamwambia mtu wa stoo hafundishwi kupanga.

"Sawa," akasema. "Lakini stoo yako haipigi kona."

Nilicheka. Kusema kweli nilimwona mwenye wivu.

Jumamosi iliyopita nikaenda kujaribu, njia ya Bura. Mkebe nikauacha palepale juu, maana nilitaka uzito wa kweli. Tangu natoka mjini pikipiki ilikuwa inaegemea kushoto, na mkono wangu wa kulia unaivuta irudi. Nikajiambia nitazoea. Nilipoacha barabara kubwa nijaribu mchanga wa lagga, ule mto mkavu, gurudumu la mbele likawa jepesi kama la baiskeli ya mtoto, nyuma ikavuta kushoto, nami nikalala chini mguu ukiwa umebanwa na sanduku.

Mchungaji mmoja aliwaacha ngamia wake akaja kuninyanyua. Aliangalia vitu vilivyotapakaa, hema, kiti, jiko, akaniuliza kama nahama. Nikamwambia nasafiri. Akasema, "Peke yako? Na nyumba yote hii?"

Mkebe ulikuwa umebingirika hadi chini ya kichaka. Kifuniko kimetoka. Samli ilishayeyuka kwa jua, yote imenywewa na mchanga, na sisimizi wameshapata habari.

Niliketi pale muda mrefu kuliko mguu ulivyohitaji.

Sasa nakuja mahali pagumu. Niliporudi mjini sikwenda nyumbani. Nilipitia sokoni, nikanunua nyirinyiri kwa mama mmoja, nikauosha mkebe, nikaujaza, nikaurudisha jikoni kama vile haukutoka. Mimi, ninayeswali swala tano. Mimi, ninayewakemea vijana wa ofisini kwa kuandika saa za uongo kwenye kitabu cha kuingia.

Hooyo hakuona mkebe. Aliona ninavyochechemea. Akauliza ni nini kilichoniangusha, nikasema mchanga.

Akasema, "Mchanga huo ulikuwepo kabla baba yako hajazaliwa. Ukishajua kilichokuangusha, njoo tuongee habari ya Rhamu."

Kwa hiyo safari ikasimama. Kuna watakaocheka, mwanaume wa miaka hamsini na moja anangoja ruhusa ya mama. Wacheke. Sijawahi kutoka Garissa kwa safari bila Hooyo kuniombea, na sitaanza sasa. Radhi yake ikikosekana, hata petroli ya kujaza sina haja nayo.

Mke wangu, Habiba, aliniona nikiosha mkebe siku ile. Siku tatu hakusema kitu. Siku ya nne, akiniwekea chai, akasema kwa sauti ndogo, "Mkebe umeuosha vizuri. Ulimi je?"

Chai ile sikuimaliza.

Leo msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, nilitaka kuomba safari njema. Mikono ikawa mizito. Utamwombaje Mola akulinde njiani wakati njia yenyewe umeifungua kwa uongo? Nikatoka kabla ya wenzangu kumaliza kusalimiana, nikaja moja kwa moja hadi kitandani kwa Hooyo, nikakaa sakafuni, nikamwambia yote. Mzigo, kushoto kuzito, mkebe juu, sisimizi, sokoni.

Nilitegemea anikaripie. Angenikaripia ningepumua.

Aliniambia nimletee mkebe. Akaufungua, akanusa, akachukua kipande kimoja akakitafuna polepole. Akasema huyo mama wa sokoni ametia pilipili manga nyingi. Halafu akasema hivi, na nayaandika maneno haya nisije nikayasahau:

"Dahabo haoni, lakini ladha ya mkono wangu anaijua tangu tukiwa wasichana. Angekula kijiko kimoja tu, angejua si mimi. Angesema, dada yangu amekufa na watoto wake wananificha."

Sikuwa nimefikiri hivyo hata kidogo. Nilidhani nabeba chakula.

Basi akachukua fimbo yake, akasimama, akaniambia niitoe pikipiki kibandani niivue kila kitu. Kila kitu, hata kamba.

Kwetu sisi kupakia ngamia ni kazi ya wanawake. Nyumba ni yao, wanaibomoa, wanaikunja, wanaipandisha mgongoni mwa ngamia, na mwanaume hupewa kamba ya kuongozea. Hooyo alianza kupakia akiwa na miaka kumi, na alipakia mpaka ukame ulipotuleta mjini. Nami wiki tatu nzima nimekuwa nikitazama video za wageni wa nchi za mbali wakionyesha jinsi ya kufunga mizigo ya pikipiki. Mwanamke huyu analala chumba cha pili kutoka changu. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja.

Aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya pikipiki, akaitazama kama mnyama anayenunuliwa. Aliuliza wapi inapata joto. Wapi inaumia. Mguu wangu unakaa wapi. Nikamwonyesha ekzosi, nikamwonyesha chuma cha keria kinapogusa bodi. Akamtuma Habiba alete blanketi kuukuu, tukalikunja likatangulia chini ya kila kitu. Ngamia naye huanza na mikeka mgongoni kabla ya mzigo, la sivyo ngozi inachubuka. Pikipiki haina ngozi, lakini kamba zangu mpya zilikuwa zimeshaanza kukatika palepale chuma kinaposugua. Siku moja tu ya safari.

Jerikeni ya lita ishirini aliikataa. Akataka mbili za lita kumi kumi, moja kila upande, chini kabisa. Na akanipa amri: nikinywa, nisimalize moja kwanza. Asubuhi ninywe ya kulia, mchana ya kushoto, zipungue pamoja kama ndugu wanaokula sinia moja. Spana na tyubu zikashuka chini kwenye masanduku, zikagawanywa. Juu ya keria pakabaki nguo tu, ndani ya turubai.

Nilimkumbusha kwamba njiani kuna vizuizi, askari watataka kuona kila kitu. Akafikiri, akasema basi vitambulisho na nguo viwe vya kwanza kufunguka, kila upande uwe na fundo moja tu la kufungua, nisije nikaishusha nyumba barabarani mbele za watu. Hilo sikuliona kwenye video yoyote.

Hema likatoka. "Huna jamaa Wajir?" akauliza. Ninao. "Huna jamaa Elwak?" Ninao. "Sasa hema ni la kumwambia nani hutaki kulala kwake?" Jiko likatoka pia. Kiti cha kukunja alikigeuza geuza mkononi kama kitu kilichookotwa, akampa Habiba.

Mahali pa mkebe akapaacha mwisho. Akaweka kiganja katikati ya kiti, nyuma tu ya ninapokaa, mbali na joto la injini. Akasema kwenye ngamia hapo katikati ndipo alipokaa mtoto, kwa sababu mkono wa mama unafika bila kusimama. Akaniambia nami nilikaa hapo, nilikuwa nalia sana.

Kisha akasimama nyuma, akaniambia niende mpaka lami nirudi. Niliporudi akatikisa kichwa: kulia inazama. Nikabisha kidogo. Nikafungua sanduku, kweli, pampu na spana kubwa zote ziko kulia. Nikahamisha pampu, nikaenda tena. Pikipiki imetulia, mkono wangu wa kulia hauna kazi. Nilifika lami nikapitiliza kidogo kwa raha tu, astaghfirullah, nikarudi.

"Ngamia ukimpakia vibaya analia," akaniambia. "Hii haisemi. Kwa hivyo wewe ndiye wa kusikiliza. Kila ukisimama, nenda nyuma uitazame."

Nikauliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni ruhusa.

Aliniambia nikanunue nyama. Mikono yangu ikate, yake itakaanga. Ndiyo harufu hii mnayoisikia kwenye maandishi yangu. Nimekata tangu saa tisa na Hooyo pembeni ananirudisha: nyembamba, Abdi, nyembamba zaidi, unamkatia dada yangu au unampasulia kuni. Sasa vipande vimening'inia kwenye kamba ya nguo, na Habiba ameketi chini yake kwenye kile kiti cha kukunja, na fimbo, anawafukuza kunguru. Anasema kiti ni kizuri sana, hakitaenda Rhamu wala kokote.

Na ruhusa nimeipata. Dakika kumi zilizopita Hooyo ametoka nje, ameweka mkono juu ya kile kiti cha pikipiki katikati, amesoma Fatiha, amepuliza. Akasema ni Jumanne, baada ya Alfajiri, na kila palipo na mtandao nipige simu. Alhamdulillah. Niligeukia ukuta kidogo nijifanye natafuta funguo.

Nimeazimia jambo moja, naliandika hapa mbele yenu nisirudi nyuma. Nikifika kwa habaryar, kabla hajaufungua mkebe, nitamwambia huu ni wa pili, na wa kwanza uliliwa na sisimizi wa njia ya Bura kwa sababu ya mpangilio wangu. Nitamwambia na habari ya sokoni pia. Nilimuuliza Hooyo kama dada yake atakasirika.

"Atacheka," akasema. "Halafu atakuuliza nani aliipakia pikipiki."