Kile Kitableti Ulichoniachia

Odero mwanangu,

Hapa Mountain View mvua imenyesha, sukuma wiki imeshika. Nakuandikia kwa kile kitableti ulichoniachia ukienda Kanada. Ulisema hunipigii simu kwa sababu kimezeeka, basi nikakifunika kitambaa nilichofuma, kama redio ya marehemu babako.

Juzi fundi Mwaura alikifungua. Anasema programu zake ziko wazi, yeyote anayejua anaweza kuzirekebisha bila kuomba ruhusa. Akazirekebisha, kisha akanipigia kutoka kibandani kwake. Nilimsikia kama yuko jikoni.

Jumatatu nalazwa hospitali huko Upper Hill. Ni uvimbe tu. Nitakibeba na chaja yake.

Kitambaa nimekitoa. Kikipigiwa simu kinalia, Odero. Sasa utaniambia nini tena?

Mimi mamako,
Philister